Mlinzi wa Anga: Je, Nchi Ndogo Isiyo na Upande Yahitaji Ndege za Kivita?

Liko swali moja ambalo watu wa nchi ndogo za Ulaya wamekuwa wakiulizana tangu zama za babu zao, na mpaka leo hawajalimaliza. Nchi ndogo iliyokwisha kutangaza mbele ya walimwengu kwamba haitaingia katika vita vya watu, yataka ndege za kivita za nini?

Wako wasemao: Hizo ni fedha za kutupwa. Dola kubwa ikiamua kuimeza nchi ndogo, ndege thelathini au mia hazitaizuia. Afadhali fedha hizo zijenge hospitali na shule, na nchi itegemee ahadi yake na wema wa majirani. Na wako wasemao: Nyumba isiyo na komeo humwita mwizi. Asemaye kuwa haelemei upande wowote, naye hana cha kuulinda mlango wake, huyo hajakaa katikati, bali amekaa mikononi mwa yeyote atakayetangulia kufika.

Kauli zote mbili zina sehemu ya ukweli. Basi tusiziamue kwa hamaki, bali tuitazame historia, na hasa historia ya Uswisi, maana hakuna nchi iliyolijaribu swali hili kwa muda mrefu na kwa gharama kubwa kama hiyo.

AHADI NA AMANA

Kwanza yatupasa kufahamu maana ya maneno. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kusikia habari za nchi zisizofungamana na upande wowote, jumuiya iliyoanzishwa Belgrade mwaka 1961, nayo Tanzania ikawa mwanachama wake. Hiyo ni siasa ya nchi kujiamulia mambo yake bila ya kufuata amri za madola makubwa. Lakini jambo tunalolizungumzia hapa ni jingine. Ni hali ya kisheria, ambayo nchi huahidi kutoingia vitani kabisa, na madola mengine huahidi kutoigusa. Uswisi ilikubaliwa katika hali hiyo na madola ya Ulaya mjini Paris tarehe 20 Novemba 1815, baada ya vita vya Napoleon.

Watu wengi hudhani kuwa ahadi kama hiyo ni ya kukaa kitako tu. La, sivyo. Mapatano ya Hague ya mwaka 1907 yalieleza haki na wajibu pamoja. Haki ni kwamba ardhi ya nchi isiyo na upande haikanyagwi. Wajibu ni kwamba nchi hiyo isiruhusu majeshi ya wapiganao kupita ndani yake. Na mapatano yakasema wazi kwamba nchi hiyo ikizuia kwa nguvu uvunjaji wa mipaka yake, kitendo hicho hakihesabiwi kuwa ni cha uadui.

Kwa hiyo ahadi hii ni mfano wa amana. Mtu aliyewekewa amana na majirani wawili wanaogombana hawezi kusema, "Mimi simo katika ugomvi wenu," kisha akauacha mlango wazi, mmoja akaingia usiku na kumvizia mwenziwe. Akifanya hivyo amekwisha kumsaidia mmoja dhidi ya mwingine, apende asipende.

KARATASI PEKE YAKE, NA NDEGE PEKE YAKE

Tutazame sasa wale waliotegemea karatasi. Luxembourg ilitangazwa kuwa nchi isiyo na upande kwa mapatano ya London ya mwaka 1867, na ngome yake mashuhuri ikabomolewa ili isimtishe mtu. Tarehe 2 Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yakaingia humo. Siku mbili baadaye yakaingia Ubelgiji, nayo ilikuwa na mkataba wa mwaka 1839 uliotiwa saini na madola makubwa yote, pamoja na Prussia, iliyokuja kuwa kiini cha dola ya Ujerumani. Waziri Mkuu wa Ujerumani aliuita mkataba huo kipande cha karatasi. Neno hilo limebaki katika historia kuwa aibu ya aliyelisema na onyo kwa wote wanaolisikia.

Lakini msomaji asikimbilie kusema, "Basi tununue ndege." Katika Vita Vikuu vya Pili zilikuwapo nchi ndogo zisizo na upande ambazo zilikuwa na ndege, na hazikuokoka. Denmark ilivamiwa alfajiri ya tarehe 9 Aprili 1940, na ndege zake nyingi zikaharibiwa uwanjani hata kabla ya kuruka. Uholanzi ilikuwa na kiwanda chake mashuhuri cha Fokker, na marubani wake walipigana kishujaa kuanzia tarehe 10 Mei. Hata hivyo tarehe 14 Mei mji wa Rotterdam ukapigwa mabomu na kuteketea, na siku hiyo hiyo jeshi likaweka silaha chini. Vita vyao vilidumu siku tano tu.

Hapa pana funzo la kwanza. Karatasi bila ya nguvu haikingi, na nguvu kidogo bila ya kitu kingine nyuma yake haikingi vilevile.

USWISI KATIKA MWAKA WA 1940

Uswisi wakati ule ilikuwa na watu wapatao milioni 4 na kidogo, nayo imezungukwa na madola yapiganayo pande zote. Ajabu iliyoje! Ndege zake bora za kivita, aina ya Messerschmitt 109, zipatazo 90, ilikuwa imezinunua Ujerumani yenyewe, na nyingi zilifika pale vita vilipokuwa vimekwisha kuanza.

Tarehe 10 Mei 1940 Wajerumani walipoishambulia Ufaransa, ndege zao zikaanza kukata njia juu ya ardhi ya Uswisi. Marubani wa Uswisi wakapaa kuzizuia. Kati ya siku hiyo na tarehe 17 Juni, Waswisi waliangusha ndege 11 za Kijerumani, nao wakapoteza 3. Ndege za Kijerumani ziliangushwa na ndege zilizotengenezwa Ujerumani, mikononi mwa watu waliokuwa wakilinda mlango wao tu.

Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, alighadhibika sana. Wakatumwa watu wa siri kuingia Uswisi ili wakaziripue ndege katika viwanja vyake, lakini walitambuliwa na kukamatwa kabla ya kutimiza kazi. Serikali ya Ujerumani nayo ikapeleka barua za vitisho. Ufaransa ikaanguka, na Uswisi ikajikuta iko peke yake katikati ya kundi moja la washindi. Tarehe 20 Juni, Jenerali Henri Guisan, amiri wa majeshi ya Uswisi, akatoa amri kwamba ndege zake zisipigane tena juu ya nchi.

Je, tumwite mwoga? Au tumwite mwenye busara? Historia inatuonyesha kwamba ndege zile zilikuwa zimetimiza kazi moja: zilithibitisha kuwa kuingia Uswisi hakutakuwa bure. Lakini hazikuweza kutimiza kazi ya pili, yaani kupigana na dola nzima. Jenerali akalirudisha jeshi milimani, katika ngome za Alps, na ikafahamika kuwa adui akija, njia za reli za Gotthard na Simplon zitaharibiwa. Njia hizo zilikuwa na thamani kubwa kwa Ujerumani na Italia. Tukiongeza biashara ambayo Ujerumani iliihitaji, na mkondo wa vita uliompeleka Hitler upande wa mashariki, tunapata sababu nyingi za kuokoka kwa Uswisi. Ndege zilikuwa sababu moja miongoni mwa hizo. Anayesema kuwa ndege ndizo zilizoiokoa Uswisi anazidisha, na anayesema kuwa hazikufaa kitu anapunguza.

AIBU AMBAZO NDEGE HAZIKUZIZUIA

Haki yatudai tutaje na upande wa pili. Novemba 1940, kwa kushurutishwa na Ujerumani, Uswisi ilizima taa zake usiku, kwa kuwa ndege za Uingereza ziliweza kuzitumia taa hizo kujua njia. Tarehe 1 Aprili 1944 ndege za Marekani, kwa kupotea njia, zilipiga mabomu mji wa Schaffhausen wakafa watu 40. Baadaye Marekani ililipa fidia, lakini fidia haimfufui maiti.

Mwezi huo huo ndege moja ya Kijerumani ya kupigana usiku ilitua katika uwanja wa Dübendorf, nayo imebeba rada ya siri. Wajerumani wakahofu siri yao isije ikafika kwa maadui zao. Wakafanya mapatano na Uswisi: ndege ile iharibiwe mbele ya mashahidi, na Ujerumani iiuzie Uswisi ndege 12 mpya za Messerschmitt kwa faranga nusu milioni kila moja. Mapatano yakatimizwa. Lakini ndege zile zilipofika zilionekana kuwa zimeundwa vibaya, na hazikutumika miaka mingi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na silaha ununuayo kwa yule unayemwogopa ina hali kama hiyo. Huivai mpaka yeye apende, wala hujui kitambaa chake kimeoza wapi.

Aibu kubwa kuliko zote haikuwa ya angani. Agosti 1942 Uswisi iliwafungia mpaka wakimbizi waliokuwa wakiwakimbia Wanazi, wengi wao Mayahudi, na maelfu wakarudishwa kwenye mauti. Tume ya wanahistoria iliyoundwa na Uswisi yenyewe ilikiri jambo hilo katika taarifa yake ya mwaka 2002. Basi tuseme wazi: kutoelemea upande katika vita si kutoelemea upande baina ya dhalimu na mdhulumiwa. Nchi yaweza kuwa na mlinzi hodari angani, kisha ikawa na mlango mgumu mbele ya mnyonge anayebisha hodi. Hilo hakuna ndege ya kulitibu.

MALI BILA DAFTARI

Baada ya vita Waswisi walijaribu kuunda ndege yao wenyewe ya jeti, ikaitwa P-16. Mwaka 1958 Bunge liliagiza 100, kisha mwaka huo huo ndege moja ya majaribio ikaanguka ziwani, na agizo likafutwa. Wakarejea sokoni.

Mwaka 1961 Bunge lilikubali kununua ndege 100 za Mirage kutoka Ufaransa kwa faranga milioni 871. Miaka mitatu haikupita ila serikali ilirudi Bungeni mwaka 1964 kuomba milioni 576 zaidi. Ilikuwaje? Wakuu wa jeshi walikuwa wameitaka ndege ifanye kila kazi, wakaongeza mitambo ya Kimarekani na mageuzi mengine, kila nyongeza ikaleta gharama yake, na wawakilishi wa watu hawakuelezwa barabara.

Bunge halikunyamaza. Iliundwa kamati ya uchunguzi chini ya mbunge Kurt Furgler, ikapekua hesabu na kutoa taarifa kali. Ndege zikapunguzwa kutoka 100 hadi 57. Mkuu wa jeshi la anga akaondolewa, mkuu wa majeshi akajiuzulu, na Waziri Paul Chaudet akatoka serikalini mwaka 1966. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Waswisi walionyesha kuwa wanayo daftari na wanajua kuisoma.

Tangu hapo jambo la ndege limekuwa la wananchi wote. Mwaka 1992 wapinzani wa silaha walikusanya saini karibu nusu milioni kwa muda wa mwezi mmoja hivi, ili kuzuia ununuzi wa ndege 34 za F/A-18 za Marekani. Kura ikapigwa tarehe 6 Juni 1993, na walio wengi wakakubali ndege zije. Tarehe 18 Mei 2014 ilikuja zamu ya ndege 22 za Gripen kutoka Sweden kwa faranga bilioni 3 na ushei. Mara hii wananchi wakakataa, kwa asilimia 53.4.

ASUBUHI YA GENEVA

Miezi mitatu kabla ya kura hiyo lilitokea jambo la kuchekesha na kutisha kwa pamoja. Tarehe 17 Februari 2014 ndege ya abiria ya Ethiopia iliyotoka Addis Ababa kwenda Roma, yenye watu wapatao 200, ilitekwa nyara na rubani wake msaidizi. Alimfungia nje rubani mkuu na kuielekeza Geneva, akitaka hifadhi. Ilitua salama kama saa 12 asubuhi. Ndege za kivita za Italia na kisha za Ufaransa ndizo zilizoisindikiza. Na za Uswisi zilikuwa wapi? Zilikuwa zimelala. Jeshi la anga lilikuwa likifanya kazi kwa saa za ofisi, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, na mapumziko ya adhuhuri katikati!

Walimwengu walicheka. Lakini chini ya kicheko kile palikuwa na jawabu la swali letu. Nchi ile ilikuwa na ndege za kivita nyingi, zilizonunuliwa kwa mabilioni, na siku ya haja haikuwa na hata moja angani, kwa kuwa fedha za kuwaweka watu macho usiku hazikutengwa. Kumbe kununua silaha ni jambo moja, na kulinda ni jambo jingine. Mlinzi si bunduki aliyoishika, mlinzi ni yule aliye macho. Waswisi walijirekebisha polepole, na tangu mwisho wa mwaka 2020 ndege mbili zenye silaha zikawa tayari usiku na mchana.

MAJIRANI NA WENZI

Austria nayo ilijifunga kutoelemea upande tarehe 26 Oktoba 1955. Mkataba uliorudisha uhuru wake mwaka huo ulimkataza hata kuwa na makombora. Iliponunua ndege 24 za Draken kutoka Sweden katika miaka ya 1980, watu wa jimbo la Styria walizipinga vikali. Kisha Juni 1991 vita vikaanza Slovenia, mpakani kabisa, na ndege ya kijeshi ya Yugoslavia ikapita juu ya mji wa Graz, ulio katika jimbo lile lile. Ndege za Draken zikapaa kulinda mpaka, na makelele dhidi yake yakapungua.

Ayalandi imechukua njia nyingine. Iliziacha jeti zake za kivita za Vampire mwaka 1976 na haikununua nyingine za aina hiyo. Imeishi salama, lakini tusisahau kuwa ni kisiwa kilichojificha nyuma ya Uingereza, mbali na njia za majeshi. Costa Rica, katika Amerika ya Kati, ilivunja jeshi lake lote mwaka 1948, na mwaka 1983 ikajitangaza kuwa haielemei upande. Fedha zake imezipeleka kwenye elimu na afya, jambo la kusifiwa. Kwa hiyo mahali nchi ilipo, na tabia ya majirani zake, ni nusu ya jawabu. Anayeishi kando ya barabara kuu hawezi kufunga mlango wake kama anayeishi mwisho wa kichochoro.

MWENYE KUUZA NDIYE MWENYE NENO

Tarehe 27 Septemba 2020 Waswisi walipiga kura tena, wakakubali kutumia hadi faranga bilioni 6 kwa ndege mpya. Waliokubali walikuwa asilimia 50.1. Tofauti ya kura katika nchi nzima haikufika 9,000. Mwaka uliofuata serikali ikachagua ndege 36 za F-35 za Marekani, na ikawaambia watu kuwa bei ni thabiti. Juni 2025 ikabidi iwaambie kuwa Marekani haikubali maana hiyo, na kwamba huenda ikadaiwa zaidi, kati ya milioni 650 na bilioni 1.3. Agosti ya mwaka huo huo Marekani ikazitoza bidhaa za Uswisi ushuru wa asilimia 39, ambao Novemba wakapatana kuupunguza hadi asilimia 15. Na Desemba serikali ikasema kuwa itashikamana na zile bilioni 6 walizozikubali wananchi, hata ikiwa ndege zitakuwa pungufu ya 36.

Tazama, ndugu msomaji! Nchi isiyo na upande ilinunua mlinzi ili isiwe chini ya mtu, na mlinzi huyo vipuri vyake, mitambo yake na bei yake vikawa mikononi mwa dola moja kubwa. Ni kisa cha mwaka 1944 kimerudi kwa nguo mpya.

MAFUNZO

Je, basi, nchi ndogo isiyo na upande yahitaji ndege za kivita? Historia yajibu hivi. Ikiwa iko njiapanda mwa madola makubwa, yahitaji kiasi cha kumtambua anayeingia, kumzuia aliyepotea, na kumfahamisha mwenye nia mbaya kuwa uvamizi una gharama. Zaidi ya hapo ni fahari, na fahari huangamiza hazina. Haziwezi kuishinda dola kubwa, wala haifai watu wadanganywe kuwa zitaweza.

Lakini iko nguvu nyingine ambayo haiuzwi katika soko lolote. Ni ile ya watu kuulizana hadharani kabla ya kununua, kudai hesabu baada ya kununua, na kumwondoa mkubwa aliyeficha daftari. Mwaka 1964 Uswisi ilikuwa na nguvu kuliko siku zote, ingawa idadi ya ndege zake ilipunguzwa karibu nusu. Na mwaka 1942 ilikuwa dhaifu kuliko siku zote, ijapokuwa mipaka yake haikuvukwa na adui, kwa sababu ilimfukuza mlangoni mtu ambaye ahadi yake ya amani ilimpasa kumpokea.

Ahadi ya kutoelemea upande ni amana. Huilindi kwa karatasi tupu, wala huilindi kwa chuma kitupu. Yalindwa na walio macho, wenye haki kwa mgeni na wenye hesabu safi kwa mwananchi. Nchi yenye watu hao, ndege chache zaitosha. Na isiyo nao, hata ikazijaza mbingu ndege, itakuwa imefunga dirisha na kuuacha mlango wazi.